Walinzi wa Nyayo za Moenave

Mtu atokaye Flagstaff, katika jimbo la Arizona, Marekani, akashika barabara ya 89 kuelekea kaskazini, baada ya mwendo wa saa moja hivi huingia katika nchi ambayo rangi zake ni shida kuzieleza. Vilima vya udongo mwekundu, wa zambarau na wa kijivu vimepangwa tabaka juu ya tabaka kama majora ya nguo dukani, na mti hauonekani ila kwa nadra. Huvuka mto wa Little Colorado hapo Cameron, kisha hugeuka mashariki kwa barabara ya 160, na alipobakiza kilomita 8 hivi kuufikia mji wa Tuba City hukuta vibao vya mbao vilivyoandikwa kwa mkono. Hapo, karibu na kijiji cha Moenave, vibao vyamwarifu kwamba pana nyayo za dinosauri. Akiwa mwenye haraka hupita. Akisimama, hutokea mwanamume au mwanamke wa Kinavajo, aghalabu na chupa ya maji mkononi, akamwongoza mpaka kwenye mwamba ulio bapa. Mwenyeji humwaga maji kidogo juu ya jiwe lililoonekana tupu, na mara hujitokeza unyayo wa vidole vitatu, urefu wake kama shibiri na nusu. Na mbele yake mwingine, na mbele ya huo mwingine tena.

Jambo hili, ambalo kwa sura yake si kubwa kuliko mtoto kumwonyesha mgeni njia ya kisimani, huwaudhi watu kuliko linavyostahili. Mtalii hulalamika kwamba bei haikutajwa na bahashishi inatazamiwa. Msomi hulalamika kwamba mwongozaji hana cheti, na kwamba maneno yake hayapatani na vitabu. Na mpenzi wa hifadhi, aliye mkali kuliko wote, hutazama viatu vya wageni juu ya mwamba akatikisa kichwa: laiti, asema, mahali hapa pangezungushiwa uzio, au nyayo zingekatwa zikapelekwa katika makumbusho, au basi zisingejulikana kabisa na watu. Malalamiko haya yana mzizi mmoja. Yote humhesabu Mnavajo mwenye chupa kuwa ni hatari kwa nyayo, au kizuizi baina ya nyayo na wale wanaozistahili. Rai hii ni ya makosa, na makosa yake si ya elimu peke yake bali ni ya haki pia.

Na litazamwe kwanza jiwe lenyewe. Miaka milioni 190 hivi iliyopita, mwanzoni mwa zama ziitwazo za Jurasi, mahali hapa palikuwa tambarare ya mito na madimbwi. Mnyama alipopita katika tope la ukingoni mguu wake ulizama. Tope likakauka kidogo, mto ukaleta mchanga mpya juu yake, na tabaka hizo zikazikwa na tabaka nyingine muda wa mamilioni ya miaka mpaka zikawa mawe. Kisha nchi ikainuka, upepo na mvua vikala mawe ya juu, na uso wa tope lile la kale ukarudi kuliona jua. Tofauti ya mfupa na unyayo imo katika habari hii. Mfupa husafiri: mto huuchukua, mla mizoga huuburura, na pale ulipochimbwa pengine sipo alipofia mwenyewe. Unyayo hausafiri. Ulipo ndipo alipokuwa mnyama, akiwa hai, akielekea upande fulani, kwa mwendo unaoweza kukisiwa kwa kupima nafasi iliyo baina ya hatua na hatua. Mfupa humwambia mtaalamu mnyama alikuwa na nini. Unyayo humwambia alikuwa akifanya nini. Anayeung'oa peke yake hukata neno moja katika barua akalitia katika kioo, na barua yenyewe akaiacha.

Hata hivyo wakataji hawakukosekana. Mwaka 1940 Roland T. Bird, mtumishi wa makumbusho makubwa ya viumbe ya New York, alikata sehemu ya nyayo zilizokuwa katika kitanda cha mto Paluxy, Texas, na vipande vikaunganishwa upya New York nyuma ya mifupa ya dinosauri mkubwa wa shingo ndefu. Kazi ilikuwa ya ustadi, na watu wasiohesabika wamefaidika kuziona. Lakini mifupa ile ilitoka Wyoming, katika mawe ya Jurasi, na nyayo zile ni za zama zilizofuata. Baina ya mnyama aliyesimamishwa pale na nyayo anazoonekana kuziacha nyuma yake imepita miaka zaidi ya milioni 30. Hapana mtu aliyeyaita makumbusho yale matapeli kwa ajili hiyo. Huambiwa kuwa ni njia ya kumsaidia mtazamaji aelewe, na ni kweli. Basi kwa nini msamaha huo usifike kando ya barabara ya 160?

Maana shtaka kubwa dhidi ya waongozaji wa Moenave ni kwamba husema yasiyo kweli. Na liwe wazi kwamba baadhi yao husema. Mgeni huweza kuonyeshwa unyayo akaambiwa ni wa Tiranosauri, naye Tiranosauri aliishi mwishoni kabisa mwa zama za dinosauri, miaka milioni 66 mpaka 68 iliyopita. Yu karibu nasi wanadamu kuliko alivyo karibu na mwamba ule. Huweza pia kuonyeshwa mabonge ya mviringo akaambiwa ni mayai, ambayo kwa mwanajiolojia ni madini yaliyogandamana ndani ya jiwe. Haya ni makosa, na makosa husahihishwa. Lakini anayetaka kumwondoa mtu mwambani kwa sababu amekosea jina la mnyama na asome kwanza tarehe ya elimu yenyewe ya nyayo.

Elimu hiyo haikuanza katika chuo chochote. Mwaka 1802 kijana wa mkulima, jina lake Pliny Moody, alikuwa akilima shamba la baba yake huko South Hadley, Massachusetts, plau ikafunua bamba la jiwe lenye alama kama za miguu ya ndege. Nyumbani kwao jiwe likawa la kukanyagia mlangoni, na watu wakasema kwa mzaha na kwa imani kwamba ni nyayo za kunguru wa Nuhu. Miaka thelathini na kitu ikapita ndipo Edward Hitchcock, mwalimu wa Amherst College ambaye baadaye alikuwa mkuu wake, akaanza kuzikusanya na kuzieleza nyayo za bonde lile. Maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1836. Alizipima, akazichora, akazipa majina ya Kilatini na Kiyunani, na mpaka alipofariki mwaka 1864 aliamini kwamba nyingi katika hizo zilikuwa nyayo za ndege wakubwa. Hazikuwa za ndege. (Zamani zetu hizi, ambapo wataalamu wamekubaliana kwamba ndege ni uzao wa dinosauri, mzee yule ameonekana kukosea kidogo kuliko walivyodhani waliomcheka.) Hapana aliyetaka Hitchcock afukuzwe katika mawe yake. Huitwa baba wa elimu ya nyayo, na kwa haki. Msomi akikosea hukosea mbele ya wenzake, na kosa lake huitwa hatua. Mchunga kondoo akikosea kosa lilo hilo, huitwa udanganyifu.

Wala haina haja kwenda mbali mpaka Massachusetts. Mnyama anayedhaniwa kuziacha baadhi ya nyayo za nchi ile hujulikana kwa jina la Dilofosauri, mla nyama wa urefu wa kiasi cha meta 7, mwenye vishungi viwili kichwani. Mwaka 1940 mifupa yake ya kwanza iligunduliwa karibu na Tuba City na Mnavajo aitwaye Jesse Williams. Mwaka 1942 alimwonyesha Samuel Welles wa Chuo Kikuu cha California, na mifupa ikachukuliwa Berkeley. Mwaka 1954 Welles alimtia mnyama yule katika jinsi ya Megalosauri. Mwaka 1964 akarudi kule jangwani, akapata mifupa mingine yenye vishungi, akatambua kwamba mnyama ni mwingine. Na mwaka 1970 akampa jina jipya. Miaka kumi na sita mnyama alikaa katika vitabu kwa jina lisilo lake, na hapana aibu katika hilo, kwani ndivyo elimu inavyokwenda. Kisha mwaka 1993 likaja filamu la Jurassic Park, likamfanya mnyama huyo mdogo kama mbwa mkubwa, likamvika shela ya ngozi shingoni na kumfanya ateme sumu, mambo mawili yasiyo na ushahidi hata kidogo. Dunia nzima ilitoa nauli na kiingilio ikafurahi. Mwongozaji wa Moenave, ambaye hupewa dola chache kwa hiari ya mgeni, ndiye anayedaiwa usahihi wa profesa.

Katika habari hiyo limo jambo jingine la kutazamwa. Mnyama alipopewa jina lake la pili, wetherilli, aliyetukuzwa kwa jina hilo alikuwa John Wetherill, mfanyabiashara wa Kizungu wa nchi ile. Jesse Williams alikumbukwa baadaye, mwaka 1971, Welles alipozieleza nyayo za huko na kuziita Dilophosauripus williamsi. Mfanyabiashara alipata mnyama. Mnavajo alipata unyayo. Na tena unyayo wenyewe haukudumu, kwa maana wataalamu wengine wameona kwamba jina lile si la lazima, wakaurudisha katika jina la zamani, Eubrontes, lililotungwa na Hitchcock. Msomaji wa Tanzania hawezi kuisoma habari hii bila ya kukumbuka Tendaguru, kule Lindi, ambako baina ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mamia ya tani za mifupa, ikabebwa kwa vichwa vya watu mpaka pwani na kwa meli mpaka Berlin. Mnyama mkubwa kuliko wote wa kule alipewa jina la Branca, mkuu wa makumbusho ya Berlin. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye jicho na mkono wake ndio vilivyoitoa mifupa ardhini, alingoja mpaka mwaka 2007 ndipo dinosauri mmoja akaitwa bohetii. Wanaouliza kwa nini wenyeji wa mahali kama Moenave hawana haraka ya kuwakabidhi wasomi mwamba wao wamepewa jibu na vitabu vya wasomi wenyewe.

Sasa na ije hoja ya ulinzi, ambayo ndiyo yenye uzito. Nyayo huharibika, hilo hapana anayelikana. Lakini swali ni hili: zimeharibiwa na nani, na wapi? Jirani wa Arizona upande wa kaskazini ni jimbo la Utah, lenye nyayo nyingi katika ardhi ya serikali. Mwaka 2014, karibu na mji wa Moab, mtu mmoja alibandua jiwe lenye unyayo katika njia ya magari ya jangwani, kisha akalitupa katika mto Colorado alipoona anatafutwa. Wapiga mbizi waliteremka mtoni wasilione. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba katika bustani ya jimbo ya Red Fleet wageni walikuwa wakibandua mabamba yenye nyayo na kuyatupa majini kwa mchezo, kama vijana warushavyo vigae ziwani. Mahali pote pawili palikuwa na sheria. Katika ardhi ya serikali kuu sheria ni ya mwaka 2009, nayo huagiza pia kwamba mahali pa visukuku pasitangazwe kwa umma ila kwa masharti. Sheria si mbaya. Lakini sheria haina macho, na siri huwafaa wezi kama inavyowafaa walinzi, kwa kuwa penye siri hapana shahidi.

Na kisa cha Mill Canyon, nje ya Moab, ni kizito zaidi. Nyayo zile ziligunduliwa mwaka 2009. Zapita 200, za wanyama wa namna nyingi, na umri wake ni miaka milioni 112 hivi. Pakajengwa njia ya mbao ili wageni wapite bila ya kukanyaga jiwe. Kila kitu kilikuwa kama wapendavyo wenye hifadhi: kibao cha maandishi sahihi, njia iliyowekewa mipaka, ardhi chini ya ofisi ya serikali. Mwezi wa Januari 2022 njia ile ilikuwa ikibomolewa ijengwe upya, likaletwa tingatinga, nalo likapita juu ya mwamba. Uchunguzi wa serikali yenyewe ulikiri kwamba nyayo kadhaa zimeharibika. Hapakuwapo mtu wa kusimama mbele ya gurudumu akasema, "Hapa hapapitiki." Uzio ulikuwa umetimiza kazi yake ya kuwazuia wageni, na aliyefanya uharibifu ni yule aliyekuwa na ruhusa ya kuingia.

Moenave mtu huyo yupo. Yupo asubuhi na yupo alasiri, kwa sababu chakula chake kimo katika jiwe lile. Unyayo ukibanduliwa leo, kesho hana cha kuonyesha. Mgeni akishika nyundo, ataulizwa. Gari likitaka kupita juu ya mwamba, litazuiwa kwa kelele. Bahashishi ile inayomkera mtalii ndiyo mshahara wa mlinzi, nao haukutozwa katika hazina ya mtu yeyote.

Husemwa pia kwamba mahali penyewe hapapendezi: vibao vya mbao mbovu, meza za vikuku na shanga, kivuli cha fito, vumbi. Wasemao hivi pengine hawajui kwamba toka mwaka 1966 mpaka mwaka 2009 sehemu kubwa ya nchi ya magharibi ya Wanavajo ilikuwa chini ya amri ya serikali ya Marekani iliyozuia ujenzi. Wanavajo na Wahopi walikuwa na daawa ya ardhi, na kamishna wa mambo ya Wahindi Wekundu, Robert Bennett, aliamuru kwamba pasijengwe kitu bila ya idhini ya pande zote mbili. Eka milioni moja na nusu ziligandishwa hivyo. Watu walishindwa kuezeka paa lililovuja, seuze kuvuta maji na umeme. Ni watoto wa miaka arubaini na mitatu ya marufuku hiyo wanaolaumiwa kwa kuwa kibao chao hakikupakwa rangi vizuri. Na katika barabara iyo hiyo ya 160, kupita Tuba City upande wa mashariki, pana kilima kilichofunikwa mawe kwa ustadi mkubwa. Ndani yake mna taka za kiwanda cha urani kilichofanya kazi tangu 1956 mpaka 1966. Uhodari wa kuhifadhi, basi, haukukosekana katika nchi ile.

Afrika ya Mashariki ina fungu katika shauri hili, maana nyayo mashuhuri kuliko zote za jamii ya wanadamu ziko Laetoli, kusini mwa Olduvai. Si nyayo za dinosauri. Ni za viumbe waliotembea wima katika majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, zilizogunduliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978. Mwaka 1979 zilifukiwa ili zilindwe. Wafukiaji walikuwa na nia njema, lakini katika mchanga walioutia mlikuwa na mbegu za migunga; migunga ikaota, na mizizi ikateremka kutafuta jiwe. Katika miaka ya tisini ilibidi kufukua, kuua mizizi na kufukia tena kwa utaratibu bora. Safari hii wazee wa Kimaasai wa mahali pale walishirikishwa, ibada ikafanywa, kwa kuwa wahifadhi walikuwa wametambua kwamba mlinzi asiyehama ni yule anayechunga ng'ombe wake hapo. Na wataalamu wa Kitanzania walipochimba kupima athari ya jengo la makumbusho lililokusudiwa, walikuta nyayo nyingine mpya, habari yake ikatangazwa mwaka 2016. Laiti jengo lingesimamishwa kwa haraka, lingesimama juu yake.

Laetoli hufukiwa kwa sababu majivu yake ni dhaifu, na hiyo ni hukumu ya jiwe lile. Jiwe la Moenave ni gumu zaidi na limelala wazi siku nyingi, likipigwa na jua la jangwa na baridi yake. Si haki kuchukua dawa ya mmoja kumnywesha mwingine. Lakini wenye kulaumu wana neno moja la kweli ambalo waongozaji nao wanapaswa kulisikia: viatu vya maelfu hula jiwe, na mwamba ambao kila mgeni hutia mguu wake ndani ya unyayo apigwe picha hautafika mbali. Mstari wa mawe madogo pembeni mwa nyayo zilizo bora, na desturi ya kutazama bila ya kukanyaga, vingetosha kuanzia. Na mwongozaji ndiye pekee anayeweza kuifanya desturi ile ifuatwe.

Msomi naye ana deni lake. Na aje mwambani na kamba na kamera. Azipime nyayo, azichore zote katika ramani moja, achukue picha zitakazobaki hata jiwe likilika. Na kabla ya kuondoka aache nakala ya ramani ile mikononi mwa wenyeji, kwa Kinavajo na kwa Kiingereza, yenye umri wa mwamba na majina ya wanyama yanayodhaniwa, pamoja na kukiri ni yapi hayajulikani. Mwongozaji aliyepewa karatasi hiyo hatakuwa na haja ya Tiranosauri. Ruhusa na aiombe kwa Taifa la Wanavajo, ambalo nchi ni yake, na bahashishi atoe kama watu wengine. Asiyependa masharti haya hakulazimishwa kusimama. Tuba City iko kilomita 8 mbele, na petroli inapatikana.